KITABU NA JALADA: DOLA ILIYOANGUKA IMETUACHIA NINI WANAFASIHI?

Utangulizi

Muhula uliopita nilisimama katika semina ya fasihi linganishi nikasema neno ambalo mpaka leo linaniwasha. Tulikuwa tunajadili riwaya ya Christa Wolf, mwandishi wa Ujerumani ya Mashariki, iitwayo Der geteilte Himmel, yaani Mbingu Iliyogawanyika. Mwenzetu mmoja alikuwa amesoma mahali kwamba mwandishi huyo alipata kuwa mpasha habari wa siri wa polisi wa usalama. Basi mimi nikadakia: "Mwalimu, tunapoteza wakati bure. Huyu alikuwa kibaraka wa dola. Dola imekufa, na kitabu chake kife nayo!" Wenzangu wakapiga makofi. Mwalimu hakunigombeza. Aliandika ubaoni maneno mawili, kitabu na jalada, akauliza: "Nani kati yenu amevisoma vyote viwili?" Hakuna aliyenyanyua mkono. Hata mimi, msemaji mkuu, riwaya yenyewe nilikuwa nimeishia nusu.

Makala hii ni jibu langu la kuchelewa. Sikusudii kuulilia ukomunisti wala kuwatetea waliowafunga wenzao kwa jina la wafanyakazi. Wala sitasimulia upya habari za Ukuta wa Berlin, ambazo kila mtu anazijua. Ninachotaka kukidai ni kimoja tu. Dola ile iliwafundisha watu wake namna fulani ya kusoma: kumsoma mwandishi kama mshukiwa. Dola ilipoanguka, namna hiyo ya kusoma haikuanguka nayo. Waliirithi hata walioishangilia siku ya kuanguka kwake, na nachelea kusema kuwa tumeirithi sisi pia, humu humu darasani.

Nchi iliyowatukuza waandishi na kuwaogopa

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani iliundwa tarehe 7 Oktoba 1949, katika sehemu iliyokuwa mikononi mwa majeshi ya Kisovieti baada ya Vita Kuu ya Pili. Ilifutika tarehe 3 Oktoba 1990, ilipounganishwa na Ujerumani ya Magharibi. Iliishi miaka 41 kasoro siku nne, umri wa mtu wa makamo.

Ni makosa kudhani kwamba nchi hii ilijengwa na wajinga watupu. Waandishi kadhaa wakubwa waliomkimbia Hitler walichagua kurudi upande huo. Bertolt Brecht alirudi, na mwaka 1949 yeye na mkewe Helene Weigel wakaanzisha kundi la tamthilia la Berliner Ensemble. Anna Seghers alirudi kutoka Mexico, na kuanzia 1952 hadi 1978 akaongoza Umoja wa Waandishi. Johannes R. Becher, mshairi, alitunga maneno ya wimbo wa taifa, na mwaka 1954 akafanywa waziri wa utamaduni. Hebu fikiria, ndugu msomaji: nchi ambayo mshairi ni waziri! Vitabu viliuzwa kwa bei nafuu, na mwandishi alipewa tuzo na heshima ambazo wenziwe wa nchi nyingine waliziota tu.

Lakini heshima hiyo ilikuwa na bei yake. Mwaka 1959, katika mji wa viwanda uitwao Bitterfeld, Chama kiliwataka waandishi waende viwandani wakaishi na wafanyakazi, na wafanyakazi nao washike kalamu. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kulishangaa jambo hilo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, hata kwetu watunzi walitakiwa waitie siasa katika sanaa, na ngonjera za Mathias Mnyampala zilikaririwa shuleni kueneza Ujamaa. Huko Ujerumani ya Mashariki, hata hivyo, kila muswada ulipitia kwanza ofisi ya serikali ili upate kibali cha kuchapwa. Udhibiti huo haukuitwa udhibiti. Ulikuwapo kila mahali, ila jina lake halikutajwa rasmi. Ndiyo maana mwandishi Christoph Hein aliposimama mbele ya mkutano mkuu wa waandishi mnamo Novemba 1987 akautaja kwa jina lake na kutaka ukomeshwe, watu walishtuka.

Matokeo yake yalikuwa kinyume cha matarajio. Magazeti yalikuwa yanasifu tu, kwa hiyo wasomaji wakawa wanatafuta habari za maisha yao katika riwaya na mashairi. Walijifunza kusoma kile ambacho hakikuandikwa. Sisi wa pwani tunaijua elimu hiyo, kwa sababu tumekulia katika taarabu na maandishi ya kanga. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Tatizo ni kwamba kulikuwa na mwerevu mwingine aliyekuwa akiligangua fumbo lile lile kila siku, tena kwa mshahara. Huyo alikuwa ofisa wa usalama.

Kiwanda cha mabehewa

Christa Wolf alizaliwa mwaka 1929. Alijiunga na Chama mwaka ule ule nchi ilipoundwa, akiwa na miaka ishirini, na hakutoka mpaka 1989. Wito wa Bitterfeld aliuitikia kweli: alikwenda kufanya kazi na mafundi katika kiwanda cha mabehewa ya treni cha Ammendorf, karibu na mji wa Halle. Huko ndiko ilikotoka Mbingu Iliyogawanyika, iliyochapishwa mwaka 1963.

Kisa chake ni chepesi kukieleza. Rita, binti wa kijijini anayesomea ualimu na kufanya kazi kiwandani, anampenda Manfred, mtaalamu wa kemia. Manfred anakata tamaa na nchi, anahamia Berlin ya Magharibi. Rita anamfuata, anakaa naye siku moja, anarudi nyumbani. Baada ya siku chache, tarehe 13 Agosti 1961, ukuta unaanza kujengwa, na njia ya kurudiana haipo tena. Lakini mwandishi hakuanzia hapo. Alianzia hospitalini, Rita anapozinduka baada ya kuanguka baina ya mabehewa kiwandani. Tunaanza kusoma tukijua kwamba aliyechagua "upande sahihi" ameumia kiasi cha kulazwa.

Nilipoimaliza riwaya hiyo, safari hii mpaka ukurasa wa mwisho, niliona haya. Mimi niliita kazi ya kibaraka. Kibaraka gani anayeanza sifa za nchi yake kwa mgonjwa kitandani? Ni kweli kwamba Rita anarudi, na ni kweli kwamba mwandishi anaona alifanya sawa. Mtu ana haki ya kutokubaliana naye hapo, na mimi sikubaliani naye. Lakini riwaya haifichi gharama. Kitabu kilipata tuzo ya Heinrich Mann, na wakati huo huo kikazua mabishano makali. Dola ilikipigia makofi na kukitilia shaka kwa pamoja.

Yaliyofuata yanajulikana. Mnamo Desemba 1965, katika mkutano wa Kamati Kuu ya Chama uliowashambulia wasanii, Christa Wolf alisimama kuwatetea wenzake. Mwaka 1976, serikali ilipomvua uraia mwimbaji Wolf Biermann akiwa ziarani Ujerumani ya Magharibi, Christa Wolf alikuwa mmoja wa waandishi wa kwanza kutia saini barua ya wazi ya kupinga. Wenziwe kadhaa wakahama nchi baada ya hapo. Yeye akabaki. Kwa nini alibaki? Swali hilo ndilo lililomfuata mpaka alipofariki mwezi Desemba 2011.

Na kile kiwanda? Baada ya muungano kiliuzwa kikaingia mikononi mwa kampuni ya kigeni, na mwaka 2005 kikafungwa. Mabehewa ya Ammendorf, pamoja na kelele na mafundi wake, leo utayakuta katika riwaya. Kama kitabu nacho kingekufa na dola kama nilivyotaka mimi, watu wale wangekuwa wamekufa mara mbili.

Jalada

Sasa tuje kwenye urithi wa pili. Wizara ya Usalama wa Taifa, ambayo watu waliiita Stasi, iliundwa Februari 1950. Ilipovunjwa ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, na wapasha habari wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu wasiozidi milioni 17. Majalada yaliyookolewa, ukiyapanga kwenye rafu moja, yanafika kilometa 111 hivi. Siku za mwisho maofisa walianza kuyachanachana, na tarehe 15 Januari 1990 wananchi wakayavamia makao makuu ya Berlin. Sheria ikapitishwa Desemba 1991, na kuanzia Januari 1992 mtu yeyote aliyepelelezwa aliweza kwenda kusoma yaliyoandikwa juu yake. Kwa hakika ni jambo la kupongezwa. Ni dola chache sana zilizoanguka zikaacha siri zake zisomwe na waathirika wenyewe.

Waandishi walikwenda kusoma pia. Christa Wolf na mumewe walikuta majalada 42 ya upelelezi dhidi yao. Lakini kulikuwa na jalada jingine, jembamba, moja tu, la miaka ya 1959 hadi 1962. Humo yeye alikuwa mpasha habari, kwa jina la siri la "Margarete". Alilitangaza mwenyewe gazetini mnamo Januari 1993, akisema kwamba alikuwa amelisahau. Maofisa walikuwa wameona kuwa anajizuia mno, hana faida kubwa, wakaachana naye. Baadaye wakawa wanampeleleza yeye.

Arobaini na mbili kwa moja. Magazeti yaliandika zaidi juu ya lile moja. Na tayari kabla ya hapo, katikati ya mwaka 1990, alipochapisha kisa kifupi kiitwacho Was bleibt kuhusu mwanamke mwandishi anayefuatwafuatwa na wapelelezi, kulizuka ugomvi mkubwa. Kisa kile alikuwa amekiandika mwaka 1979, akakitoa dola ilipokwisha kuanguka. Wahakiki wakubwa wa magazeti ya Magharibi walimshambulia: kwa nini sasa, mbona hakukitoa wakati ule? Swali hilo si la kijinga hata kidogo. Ujasiri unaokuja baada ya simba kufa una kasoro. Lakini ukiusoma ugomvi ule kwa utulivu utaona kuwa kazi yenyewe, lugha yake na muundo wake, iliachwa pembeni haraka sana. Lililobaki mezani lilikuwa: huyu mtu ni nani, alikuwa upande gani, nani alimlinda?

Hayo ndiyo maswali ya ofisa wa Stasi. Ofisa naye hakujali mandhari wala usimulizi, labda tu kama kulikuwa na siri imefichwa humo. Tena, jambo lililonichoma zaidi, miongoni mwa walioifanyia Stasi kazi hiyo ya kusoma walikuwamo wahakiki na wahadhiri wa fasihi. Ni watu wa fani yetu hii. Walipewa miswada, wakaandika tathmini, wakaonyesha ni wapi mwandishi "amepotoka". Tathmini ile, ukiondoa mhuri wa siri, ungeweza kuikusanya kama insha ya mwaka wa pili na ukapata alama nzuri.

Nyumba za Wajerumani

Labda msomaji atauliza: ya Berlin yanamhusu nini mtu wa Unguja? Yananihusu kwa sababu nimezaliwa Kikwajuni, katika zile nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuitambua rasmi dola ile. Kwa kuwa Ujerumani ya Magharibi haikutaka kuona nchi yoyote ikiitambua, baada ya Muungano wa Aprili 1964 jambo hilo likawa mzozo mkubwa. Mwaka 1965 Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa Tanzania, na Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na misaada yao mingine. Hata majumba marefu ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalitokana na mipango iliyochorwa kwa ushauri wa wataalamu kutoka huko.

Lakini waliokuja hawakuwa wajenzi peke yao. Mwaka ule ule wa 1964 alikuja Unguja Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Stasi, kusaidia kuanzisha idara ya usalama ya serikali mpya. Yeye mwenyewe alilisimulia jambo hilo katika kumbukumbu zake. Huyu hana undugu na Christa. Wolf ni jina la kawaida kwa Wajerumani. Ila alikuwa na mdogo wake, Konrad Wolf, mwongozaji filamu. Na mwaka 1964 Konrad alitoa filamu gani? Mbingu Iliyogawanyika, kutokana na riwaya ile ile. Mwaka mmoja, watoto wa baba mmoja: mmoja anaifanya riwaya kuwa filamu, mwingine yuko kwetu anafundisha namna ya kufungua majalada. Baba yao, Friedrich Wolf, alikuwa daktari na mwandishi wa tamthilia. Kitabu na jalada vililelewa nyumba moja.

Tena haikuishia hapo. Tarehe 4 Novemba 1989, siku tano kabla ya ukuta kufunguka, mamia ya maelfu ya watu walikusanyika katika uwanja wa Alexanderplatz, Berlin ya Mashariki, kudai uhuru. Christa Wolf alihutubia. Markus Wolf, aliyekuwa amestaafu na kugeuka mwandishi, naye alihutubia jukwaa hilo hilo. Yeye alizomewa.

Babu yangu alipelekwa Leipzig miaka hiyo ya sitini kusomea uchapaji. Alirudi na cheti chenye nembo ya nyundo, bikari na masuke ya nafaka. Ni cheti cha nchi isiyokuwepo tena. Baadaye akaagiza kamusi ya Kiswahili na Kijerumani iliyochapishwa Leipzig mwaka 1979, ambayo mpaka leo ipo kabatini kwake. Juu ya masomo atazungumza usiku kucha. Juu ya miaka aliyorudi, ile ya kabla ya 1972, hazungumzi.

Likizo iliyopita, kichwa changu kikiwa kimejaa majalada, nilimwendea. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikauliza moja kwa moja: "Babu, wakati ule, wewe ulikuwa upande gani?"

Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema: "Mjukuu wangu, unaniuliza kama nani? Kama mjukuu, au kama wale?"

Sikuwa na jibu. Niliona nimemkalia mzee wangu kama ofisa mbele ya mshukiwa, daftari mkononi. Nikaliweka chini. Hakuniambia alichokifanya au alichofanyiwa. Aliniambia jambo la kazi yake. Alisema mpangaji wa herufi za risasi huzisoma kinyume, na ukiwa mgeni utadhani umeelewa kumbe umegeuza maneno. Lazima utie wino, ubonyeze karatasi, usubiri, ndipo usome. "Nyinyi wasomi," akasema, "mna haraka."

Mafunzo kwa mhakiki wetu

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba historia ya mwandishi haihusu kazi yake. Mpasha habari aliyempeleka mwenziwe gerezani ana deni, na riwaya nzuri hailipi deni hilo. Ninalosema ni kwamba jalada nalo ni maandishi. Lina mtunzi wake, aliyetaka kupandishwa cheo. Lina hadhira yake, yaani mkubwa wake wa kazi. Lina mtindo wake na uongo wake. Ajabu ni kwamba sisi tunaofundishwa kuhoji kila mstari wa shairi, tukipewa jalada tunaliamini kama msahafu.

Pili, tuchunge msamiati wetu. Uhakiki wa Kiswahili ulijengwa na watu walioamini kuwa fasihi ina kazi katika jamii, na mimi naiheshimu imani hiyo. Lakini tumeufanya kuwa wepesi mno: huyu mwanamapinduzi, huyu kasuku, yule msaliti. Tukishabandika jina tunafunga kitabu. Chukulia Adam Shafi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka 1978, Mapinduzi ni mapambazuko ya mtwana na mkulima. Katika Haini, iliyotoka 2003, tumo gerezani, katika nchi ile ile, pamoja na watu walioteswa baada ya kuuawa kwa kiongozi. Je, mwandishi amejisaliti? La hasha! Kalamu iliyoandika matumaini ndiyo iliyoandika gereza, na ukikisoma kitabu kimoja bila ya kingine umeisoma nusu ya historia yetu. Christa Wolf naye ni hivyo hivyo.

Hitimisho

Dola ya Ujerumani ya Mashariki imetuachia nyumba, na ndani yake watoto wanaendelea kuzaliwa. Imetuachia kamusi. Imeacha kilometa za majalada, na imeacha vitabu ambavyo vingine ni vizuri sana. Mambo haya hayatengani. Anayevitukuza vitabu akasahau majalada anadanganya. Anayeyasoma majalada akavitupa vitabu ameiendeleza kazi ya Stasi bure, bila hata mshahara.

Kwa hiyo, mbele ya wenzangu wa semina na mbele ya mwalimu wetu, nafuta kauli yangu. Kitabu kile kisife. Nimekirudisha maktaba na kipo rafuni. Naomba atakayekichukua akisome mpaka mwisho, ndipo tubishane. Na babu naye nitamrudia. Safari hii sitakwenda na daftari.